Lenzi Ndefu na Ndege wa Pwani: Ushauri kwa Anayeanza

Anayenunua lenzi ndefu kwa mara ya kwanza, tuseme ya milimita 400, mara nyingi huamini kwamba sasa ataweza kumpiga picha ndege yeyote aliye mbali, ilhali lenzi hiyo humfaa zaidi ndege aliyekwisha kusogea karibu. Hukuza kila kitu, ukiwemo mtikisiko wa mkono na hewa iliyo kati yako na ndege. Mahali kama Mida Creek, hori la bahari karibu na Watamu katika pwani ya Kenya, ambapo maji yakipwa huacha uwanda mpana wa tope, hewa hiyo huanza kucheza kwa joto mapema, na ifikapo saa nne asubuhi yangeyange aliye mita mia moja huwa hana tena ukingo ulio wazi. Hakuna lenzi inayoondoa hali hiyo, hata iwe ya bei gani.

Kwa hiyo jifunze maji kabla ya kujifunza kamera. Maji yakipwa ndege hutawanyika kutafuta chakula hadi mbali kabisa, lakini yakianza kujaa huwasukuma kidogo kidogo kuelekea ufukoni. Aliyekwisha kukaa chini na kutulia kabla hawajafika, jua likiwa mgongoni mwake, hufikiwa na ndege wenyewe, na anayewafuata kwenye tope huishia kupiga picha za mikia. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua, yaani za mwezi mpya na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hujaa alasiri, saa kumi hivi, na hivyo saa mbili zinazotangulia hukupa mambo mawili kwa pamoja: ndege wanaosogea na mwanga unaoanza kulainika. Wavuvi wa mahali hapo watakueleza haya kwa usahihi kuliko programu nyingi za simu.

Ndege ninayempendekezea mwanafunzi ni Dromas ardeola, mla kaa mweupe kwa mweusi mwenye mdomo mnene, ambaye huzaliana katika pwani za Bara Arabu na maeneo jirani kisha huja kwetu. Yeye hukimbia hatua chache, husimama ghafla, halafu huchoma tope. Bonyeza anaposimama, ukilenga jicho na si kifua. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ya 1/1000 ya sekunde humtosha anayetembea, na anayeruka huhitaji 1/2000 au zaidi. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mikono yako tu, hakimtulizi ndege. Usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600, kwa sababu chengachenga zinazotokea kwenye picha hupunguzika kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Manyoya meupe ndiyo yanayowashinda wengi. Mikoko ikiwa nyuma ya ndege, kamera huona giza na kuongeza mwanga, na ule weupe hugeuka bapa lisilo na unyoya hata mmoja. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya hatua (stop) kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, au hata hatua nzima, kisha ukague picha ya kwanza kabla ya kuendelea. Ndege huyo huyo akipaa na kuwa mbele ya anga jeupe, kipimo hicho hakifai tena.

Kumpata ndege ndani ya lenzi nako kunahitaji mazoezi. Mtazame ndege bila kuyabandua macho, kisha pandisha kamera hadi usoni. Ukiinamisha kichwa kuitazama kamera kwanza, utakuwa umempoteza.

Ndege akiinua shingo na kuacha kula, umefika mwisho wa kusogea. Wengi wa ndege wadogo wa topeni huondoka kuelekea kaskazini kufikia mwezi wa Aprili, wengine hadi Siberia, na mafuta ya safari hiyo huyapata papa hapa; kuwarusha ili upate picha ya kundi likiwa angani ni kuwaibia chakula.

Ukirudi, futa lenzi na kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, hasa kwenye pete za kuzungusha, kabla chumvi haijakauka.