Saini Tu, Nitajibu Mimi

Mwaka wangu wa pili nikiwa mtunza stoo kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, meneja alisimama mbele ya meza yangu akanitaka nisaini kupokea mifuko mitano ya saruji ambayo sikuiona. "Saini tu, mzigo uko njiani. Likitokea lolote nitajibu mimi." Nikasaini. Wiki iliyofuata ikawa ishirini, na kabla mwezi haujaisha, mia na ishirini. Karatasi ililowa jasho chini ya kiganja changu huku mdomo ukisema, "Sawa, bosi." Mwenye duka alipopiga hesabu, mifuko 145 haikuonekana, na saini zote ni zangu. Nilikatwa mshahara miezi kumi na minne. Meneja hakujibu chochote.

Miaka mingi nilijiona mwoga tu, mpaka niliposoma habari za Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza majaribio yake Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961. Watu wa kawaida waliamriwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu: volti 15, kisha 30, hivyo hivyo mpaka 450. Umeme ulikuwa wa kuigiza, ila wao hawakujua. Walitetemeka, walitokwa jasho, lakini 26 kati ya 40 walifika mwisho. Aliyeuliza nani atawajibika, msimamizi wa jaribio alimjibu, "Ni mimi." Hapo nilimsikia kabisa meneja wangu.

Kilichonifikisha kwenye mifuko 120 ni ile mitano. Ukishasaini mitano, kukataa ishirini ni kukiri kwamba wiki iliyopita ulikosea, na hilo linauma. Kwa hiyo, ndugu yangu, kataa kwenye mitano. Tumelelewa kutobishana na mkubwa, nami shikamoo yake naitoa kwa moyo wote. Saini ni jambo jingine.

Tena ondoka mbele ya macho yake. Milgram alipomtoa msimamizi chumbani, amri zikaja kwa simu, waliofika mwisho walikuwa kama mmoja kati ya watano. Sema, "Ngoja nikahesabu kwanza, bosi," uende stoo. Na tafuta mwenzako: kwenye jaribio lake jingine, pale wenzao wawili walioketi nao walipogoma, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Mimi aliniokoa dada wa kaunta. Siku karatasi ya mifuko mia mbili ilipoletwa, aliinua macho akauliza taratibu, "Bosi, hii saruji mbona hatujaipokea?" Nikaweka kalamu mezani. Meneja alitutazama sote wawili, akaichukua karatasi yake, akatoka.