Maswali ya Wasomaji: Kura karibu nusu kwa nusu, viti 3 kati ya 13

SWALI: Nina jedwali la matokeo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, jimbo la North Carolina, mwaka 2018. Republican wana kama asilimia 50 ya kura zote, Democratic 48. Lakini Democratic wameambulia viti 3 tu kati ya 13. Kuna kosa la hesabu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hesabu ni sahihi. Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana hapo wengi hujikwaa. Kwetu jimbo ni la mbunge mmoja. Kule North Carolina nzima ndiyo jimbo, na mwaka huo liligawanywa wilaya 13 za uchaguzi, kila wilaya na mwakilishi wake. Kura za jimbo zima hazina kazi yoyote kisheria katika kugawa viti.

Sasa achana na safu ya washindi, shika safu ya asilimia. Wademokrati walishinda wilaya ya 1, ya 4 na ya 12 kwa takriban asilimia 70, 72 na 73. Kisha tazama wilaya ya 2 na ya 13, walizoshinda Warepublikani: zote asilimia 51 na ushei. Jibu lako limo humo. Katika wilaya ya 12, Alma Adams angeshinda kwa kura 51 katika kila 100, naye akapata 73. Zile 22 za juu hazikumwongezea mtu kiti. Upande wa pili, karibu kila kura ya Republican katika wilaya ya 2 na ya 13 ilifanya kazi.

Hali hiyo haikuja kwa bahati. Kenya mipaka huchorwa na IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka. North Carolina huchorwa na wabunge wa jimbo wenyewe, na gavana hana kura ya turufu juu ya ramani hiyo. Ramani iliyotumika 2018 ilichorwa 2016, na David Lewis, mmoja wa wabunge wa Republican walioisimamia, alieleza hadharani kwamba imelenga viti 10 kwa 3 kwa sababu hakuona njia ya kupata 11 kwa 2. Mbinu ni mbili: wapinzani warundike katika wilaya chache, waliobaki watawanye wasifikie nusu popote. Mjini Greensboro mpaka ulipita katikati ya chuo kikuu cha North Carolina A&T, chuo chenye historia ya Wamarekani weusi, ukifuata barabara ya Laurel. Wanafunzi wa bweni la upande huu walipiga kura wilaya ya 6, wenzao wa ng'ambo ya barabara wilaya ya 13. Sisi tunaona huko ni kumnyang'anya mpiga kura uzito wake huku akiachiwa karatasi mkononi.

Jihadhari na kitu kimoja unapojumlisha: wilaya ya 3, Walter Jones hakuwa na mpinzani. Wademokrati wa huko hawakuwa na wa kumpigia, kwa hiyo jumla ya jimbo inapunja chama chao. Mwaka 2024 ilitokea tena: wilaya ya 3 na ya 6 hazikuwa na mgombea wa Democratic. Kila mara anza kwa kutafuta wilaya za namna hiyo, uzitoe kwenye hesabu.

Ukitaka kuona nguvu ya mpaka, weka miaka miwili sambamba. Mwaka 2022, wilaya zikiwa zimefika 14 na ramani ikiwa ya mahakama, matokeo yalikuwa 7 kwa 7. Bunge la jimbo likachora upya 2023. Mwaka 2024 Republican wakapata 10, Democratic 4.

SWALI: Katika jedwali hilohilo, wilaya ya 9 inaonyesha Mark Harris wa Republican akiongoza kwa kura 905. Mbona hakuapishwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kuongoza si kuthibitishwa. Bodi ya uchaguzi ya jimbo iligoma kuyathibitisha matokeo kwa sababu ya kura za posta, hasa za kaunti ya Bladen. Sheria ya huko inakataza mtu asiye ndugu wa karibu au mlezi wa kisheria kukusanya bahasha ya kura ya mwingine. Bodi iliposikiliza ushahidi Februari 2019, ilielezwa jinsi watu waliolipwa walivyozikusanya bahasha nyumba kwa nyumba, wakasaini kama mashahidi kwa wino wa rangi ileile ya mpiga kura, kisha wakazipeleka posta kidogokidogo, zisizidi kumi kwa safari, ili asishtuke mtu. Bodi iliamuru uchaguzi wa marudio kwa kauli moja. Harris hakugombea tena. Dan Bishop wa Republican alimshinda Dan McCready wa Democratic tarehe 10 Septemba 2019 kwa pengo la kama asilimia 2. Wakazi wa wilaya hiyo walikaa bila mwakilishi zaidi ya miezi 8.

SWALI: Takwimu za usiku wa uchaguzi niziamini lini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwa North Carolina, subiri siku 10: ndipo bodi za kaunti zinapofunga hesabu, zikiwa zimeshaamua kura za muda, yaani za watu ambao majina yao yalileta utata kituoni. Bodi ya jimbo huthibitisha takriban wiki 3 baada ya uchaguzi. Pengo likiwa asilimia 1 au chini yake katika wilaya, aliyeshindwa anaweza kudai kura zihesabiwe upya, lakini lazima adai mwenyewe, hazirudiwi zenyewe. Ukiona pengo dogo namna hiyo, andika "anaongoza", usiandike "ameshinda".