Maswali na majibu: saratani ya jicho la mtoto

Wasomaji wanne wameuliza kuhusu retinoblastoma, saratani inayoanzia kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Tunaambiwa saratani hii ni adimu. Mbona kliniki niliwakuta watoto watano wenye ugonjwa huohuo? (Mama, Mwanza)

Pole sana, mama. Ni adimu kweli: humpata takribani mtoto 1 kati ya 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa hai, na kiwango hicho hakitofautiani sana kati ya bara na bara. Kila mwaka dunia hupata wagonjwa wapya wapatao 8,000, wengi wao Asia na Afrika, kwa sababu huko ndiko watoto wengi wanakozaliwa. Hospitali zinazoutibu nazo ni chache, hivyo wagonjwa wa mikoa mingi hukutana kwenye benchi moja.

Ulaya wanapona karibu wote. Je, ya kwetu ni kali zaidi? (Baba, Nakuru)

Hapana, uvimbe ni uleule. Utafiti uliowafuatilia watoto zaidi ya 4,000 waliogunduliwa mwaka 2017 katika nchi karibu 150 ulionyesha kwamba baada ya miaka 3, zaidi ya asilimia 99 ya watoto wa nchi tajiri walikuwa hai, ilhali katika nchi maskini kabisa walikuwa kama asilimia 57. Tofauti kubwa ilianza kabla ya matibabu: nchi tajiri ziliwagundua watoto wakiwa na umri wa miezi 14 hivi, nchi maskini wakiwa wamepita miezi 30. Katika muda huo uvimbe hupata nafasi ya kutoka nje ya jicho, ukafuata neva kuelekea ubongoni au ukaingia kwenye damu hadi kwenye uboho.

Mara nyingi mama ndiye anayeona kwanza. Ananyonyesha jioni, taa iko pembeni, mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Mtoto akigeuza kichwa, weupe unatoweka. Anayemwangalia mchana bila kupanua mboni kwa matone anaweza asione kitu, akamrudisha mama nyumbani. Nawasihi wahudumu wenzangu: mama akisema ameona weupe, aaminiwe na apewe rufaa siku hiyohiyo. Makengeza yanayoanza ghafla nayo yasipuuzwe.

Madaktari wanataka kumtoa mjukuu wangu jicho. Ana miaka miwili tu. Nikatae? (Babu, Tanga)

Shikamoo babu. Usikatae, nakuomba. Uvimbe ukiwa bado ndani ya jicho, kulitoa kunaweza kumponya kabisa, na baadaye huwekewa jicho la bandia. Jicho lililotolewa hupelekwa maabara, nako kipande cha neva kilichokatwa nalo hupimwa kwa hadubini. Kama ncha yake haina seli za saratani, hiyo ni habari njema sana. Huenda mtoto akaongezewa dawa za kuua seli, kama vinkristini na kaboplatini. Katika kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, nchini Uganda, baada ya dawa hizo kuanza kutumika mwaka 2009, waliopona waliongezeka kutoka takribani asilimia 45 hadi 65. Familia zinazoahirisha, huku mtoto anacheza na kula vizuri, mara nyingi hurudi jicho likiwa limevimba na kutokeza nje, na hapo tunachoweza kufanya huwa kidogo.

Nilitibiwa macho yote mawili utotoni. Sasa nina mimba. (Msomaji, Mombasa)

Hongera, dada. Aliyeugua macho yote mawili huwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo RB1, na kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mwambie daktari wako sasa, kabla ya kujifungua, ili macho ya mtoto yapimwe katika siku za mwanzo kabisa na kurudiwa mara kwa mara, hata kama mboni zake ni nyeusi tii.