Wanaposema "tunalipa kulingana na unapoishi"

Mkuu, umeuliza kama ni haki kampuni ikupe ofa ndogo kwa sababu unaishi mahali ambapo maisha ni nafuu, wakati mwenzako wa timu ileile, kazi ileile, anachukua karibu mara mbili. Nimeandika programu kwa miaka mingi kwa kampuni za mbali, yaani unafanya kazi kwa mtandao ukiwa kwako, nimelipwa kwa mitindo yote miwili, wa kufuata eneo na wa kulipa wote sawa, kisha nikakaa pia upande wa wanaoajiri. Kwa niliyoyaona huko, hiyo hadithi ya gharama za maisha ni kisingizio tu.

Fikiria wanachokuuliza. Hawaulizi una watoto wangapi, unamuuguza nani, wala kama nyumba ni yako au umepanga. Wanauliza nchi na mji, basi. Wanachotafuta ni kujua kampuni nyingine zilizo karibu nawe zingekulipa kiasi gani ukiwakatalia wao. GitLab, kampuni ya programu ambayo utaratibu wao wa mishahara wameuweka wazi kwa umma, wanakiri kabisa kwamba kipimo chao ni soko la ajira la eneo, si gharama za maisha. Angalau hao hawazunguki.

Wengine wameamua tofauti. 37signals, kampuni nyingine ya programu, wanalipa sawa popote ulipo, kwa viwango vya San Francisco. Mwaka 2020 Zuckerberg, mkuu wa Facebook, alitangaza kwamba mfanyakazi wa Facebook atakayehama mshahara wake utafuata alikohamia, na mwaka huohuo Reddit wakafuta kanda za mishahara, yaani viwango tofauti kwa kila eneo, ndani ya Marekani. Airbnb nao mwaka 2022 wakasema mji hautabadilisha mshahara. Ila soma maandishi madogo: ni ndani ya nchi moja. Huo usawa unaosifiwa mara nyingi huishia mpakani, na sisi wengi tuko ng'ambo ya mpaka.

Sasa upande ambao watu hawapendi kuusikia. Nimekaa kwenye kikao cha kuchagua waombaji, meneja akasema waziwazi: kama bei ni ileile, namchukua anayeamka saa zilezile tunazoamka sisi. Hakuna aliyembishia. Kwa hiyo tukishinikiza kila mtu alipwe kiwango cha mji ghali, baadhi ya nafasi zinazotufikia leo hazitatufikia tena. Kwangu mimi, punguzo wakati wa kuajiriwa ni biashara: unakubali au unaondoka. Nisichokikubali ni kumkata mshahara mtu aliyemo kazini kwa sababu kahama, ilhali kazi yake haijabadilika hata chembe. Hapo kampuni inajilipa kwa uamuzi wa maisha yake binafsi.

Kingine, usilinganishe tarakimu tupu. Tunaofanya kazi kwa mbali, wengi tunaandikishwa kama wakandarasi, si waajiriwa. Maana yake kodi unalipa mwenyewe, bima mwenyewe, likizo bila malipo, makato ya benki juu yako, na siku wakikuchoka hakuna kiinua mgongo. Laptopu na seva za kukodi hazikupi punguzo kwa kuwa uko mbali. Ukitoa hayo yote, ile "karibu mara mbili" inaweza kuwa zaidi ya hapo.

Kwenye mazungumzo, achana kabisa na hoja ya gharama za maisha. Ukiitumia umewapa fimbo, maana watakuonyesha jedwali na wewe ndiye utakayeonekana unaishi kwa bei rahisi. Usitaje mshahara wako wa sasa. Uliza kwanza wamekuweka daraja gani, yaani ngazi gani ya kazi, kwa sababu kiwango cha eneo kimefungwa kwenye sera na mtu wa HR (idara ya wafanyakazi) hana ubavu wa kukibadilisha, lakini daraja ni maoni ya watu waliokusaili. Kupanda daraja moja mara nyingi kunaongeza zaidi kuliko utakachopata kwa kubishania ramani. Waonyeshe mfumo uliojenga ukabeba watumiaji wengi, hitilafu ulizozima usiku, vijana uliowaongoza.

Halafu uliza malipo ni kwa sarafu gani, na ukihama mshahara utakuwaje, utapanda au utashuka. Jibu hilo lisibaki kwenye simu, liingie kwenye mkataba kabla hujasaini.