Msimamizi wako anatumia nadharia, ila haitaji kwa jina

Ndugu mwanafunzi, umeuliza kama kuna haja ya kuendelea kuhangaika na modeli, yaani mifumo ya nadharia, za tiba kwa vitendo (occupational therapy) wakati msimamizi wako wodini amekuambia kwamba hizo ni za mtihani, kazi ni mikono. Nimehudumia wagonjwa miaka mingi na nasimamia wanafunzi pia, kwa hiyo kauli hiyo naijua vizuri. Usimdharau aliyekuambia. Lakini mtazame anavyofanya kazi, utaona matendo yake yanaipinga kauli yake.

Akiletewa mgonjwa wa kiharusi, mara nyingi hataanza na kunyoosha vidole. Atamketisha ukingoni mwa kitanda, amwekee beseni na taulo, kisha atulie atazame. Anaamini kwamba mtu hujifunza upya kuutumia mwili wake akiwa ndani ya shughuli anayoielewa, na kwamba namna anavyonawa uso itamwonyesha mengi kuhusu mizani, umakini na upande wa mwili uliosahaulika. Imani hiyo ni nadharia, ingawa yeye anaiita mazoea. Mwaka 1974 Chris Argyris na Donald Schön, wataalamu wa jinsi watu wanavyojifunza kazini, walitofautisha nadharia ambayo mtu huitaja akiulizwa na ile inayoongoza matendo yake. Fani yetu ina watu wengi wenye hiyo ya pili, tena imara kabisa, ila hawajawahi kuipa maneno.

Chanzo cha ukimya huo ni jinsi tunavyofundishwa. Modeli ya Gary Kielhofner, mtaalamu wa fani yetu, iliyochapishwa mwaka 1980, huletwa darasani kama orodha: utashi, mazoea, uwezo wa kutenda, mazingira. Unachora visanduku na mishale, unafaulu, basi. Ukifika wodini unakuta kitanda kinahitajika kesho na daktari anauliza mgonjwa anaruhusiwa lini. Shirikisho la dunia la fani yetu linataka kila mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kazini. Kama katika saa zote hizo hakuna aliyekueleza kwa nini alichagua hili akaacha lile, utahitimu ukidhani sababu hazikuwepo. Nimeona vijana wenye akili sana wakitoka hivyo, na wenzao wa darasa lilelile waliopata msimamizi anayefikiri kwa sauti wakatoka na mtazamo mwingine kabisa. Kwangu mimi, jambo hili lina uzito kuliko mtaala wote.

Zingatia pia alisomea enzi gani. Fani ilianzishwa rasmi Marekani mwaka 1917 na watu walioamini kwamba shughuli yenyewe ni tiba. Baadaye ikavutwa kuelekea viungo na misuli, ikitaka kuonekana ya kisayansi mbele ya madaktari. Mary Reilly, naye wa fani hii, alipotoa mhadhara wake maarufu mwaka 1961 alitaka turudi kwenye shughuli, na Kielhofner alikuwa mwanafunzi wake. Kwa hiyo aliyelelewa na walimu wa kupima kiwiko kinakunjika nyuzi ngapi ataona goniomita, kifaa cha kipimo hicho, ndiyo kazi na modeli ni maneno matupu. Huo si uvivu, ndivyo alivyofunzwa.

Nikupe mfano ninaoutumia na wanafunzi wangu. Tulikuwa na mzee mmoja, seremala, aliyepata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulirudi vizuri: anashika, anaachia, anafungua kifuniko cha chupa, vipimo vinapanda. Nyumbani mkono uleule unalala mapajani siku nzima. Kwa jicho la misuli peke yake hapakuwa na la kuongeza isipokuwa mazoezi yaleyale. Modeli ya Kielhofner ndiyo iliyotupa maswali mengine: mtu huyu sasa anajiona nani, na siku yake inapitaje? Tukagundua kwamba mabinti zake wanamfanyia kila kitu kwa upendo, na yeye alishajiambia kwamba seremala asiyebeba mbao si seremala tena. Tukaweka kando koni za plastiki za kufanyia mazoezi ya mkono. Tukazungumza na familia, tukampangia awe anamsaidia mwanawe karakanani: kupima kwa rula, kutia alama kwa penseli, kupiga msasa vipande vidogo. Mkono ukaanza kutumika bila mtu kuuhimiza. Mzee hakutajiwa jina la modeli hata mara moja, wala hakuhitaji kutajiwa.

Hapo ndipo uzoefu unapowarudisha watu kwenye vitabu: mgonjwa anapokwama na mikono haina jipya. Cheryl Mattingly na Maureen Fleming, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha jinsi watoa tiba wanavyowaza juu ya ugonjwa, juu ya mtu aliye mbele yao na juu ya maisha yatakayofuata, huku wazoefu wakihama kutoka wazo moja hadi jingine kwa wepesi. Lakini miaka peke yake haitoshi. Wapo waliokaa kazini muda mrefu bila kuulizwa sababu, na hao ndio wagumu zaidi. Wanaosimamia wanafunzi hulainika, kwa kuwa mnawauliza.

Wakati mwingine anayekataa nadharia ana haki. Michael Iwama na wenzake wa Japani waliona modeli za Magharibi zinamweka mtu mmoja katikati kana kwamba jamaa zake ni mandhari tu, wakaunda modeli yao ya Kawa inayoyachora maisha kama mto, na matatizo kama mawe yanayozuia maji. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006. Kama msimamizi wako anasema modeli haiwafai wagonjwa wake, msikilize kwa makini, huenda anajua kitu ambacho mwandishi wa modeli hakukiona.

Kwa hiyo usimuulize anatumia modeli gani, atahisi unamtahini. Muulize alipoona nini ndipo akabadilisha zoezi. Andika jibu lake kwa maneno yake, na jioni tafuta ni modeli ipi inalieleza. Chagua moja tu kwa kipindi chote cha wodini na uitumie kwa kila mgonjwa, hata pale inapopwaya. Mahali inapopwaya paandike pia, halafu mwonyeshe.