Sukari ya mgonjwa wa ini: maneno kwa madaktari tarajali wapya wodini

Kila wanapoingia madaktari tarajali wapya, sura hubadilika lakini kosa ni lile lile. Mgonjwa ana sirosisi (ini lenye makovu), tumbo limejaa maji, FBG (sukari kabla ya kula) ya asubuhi ni 5.4 mmol/L, na kwenye faili panaandikwa kwa mwandiko wa kujiamini: "Hana kisukari." Jioni, baada ya wali, RBG (sukari ya wakati wowote) inasoma 15. Daktari mkubwa anashtuka, anaandika insulini ya mchanganyiko uniti 20 kabla ya chakula cha usiku, kisha anaenda zake kantini. Wadogo zangu, njooni hapa tuelewane.

1. FBG nzuri kwa mgonjwa wa sirosisi haikutoi wasiwasi. Insulini ikitoka kwenye kongosho hupita kwanza kwenye ini, na ini zima huondoa karibu nusu yake hapo hapo. Ini likiwa na makovu, damu hutafuta mishipa ya kando na insulini inakwepa geti, inaingia moja kwa moja kwenye mzunguko. Misuli ikizoea kuogelea kwenye insulini nyingi inakuwa sugu, na misuli yenyewe imeshakonda. Glukagoni, homoni ya kupandisha sukari, nayo iko juu. Matokeo yake, akila, sukari haina pa kwenda. Akifunga usiku kucha inashuka, kwa sababu ini halina akiba ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa). Kwa hiyo pima masaa mawili baada ya chakula, au mpe gramu 75 za glukosi akiwa ametulia: 11.1 kwenda juu ni kisukari, hata kama FBG inakuchekea. Na wale wanaopenda HOMA-IR, hesabu ya usugu wa insulini, kumbukeni kwamba insulini ya mgonjwa huyu iko juu pia kwa sababu ini halijaiondoa. Namba itatoka kubwa kuliko usugu wenyewe.

2. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, nayo inadanganya. Bandama kubwa hula chembe nyekundu kabla ya wakati, mgonjwa ametapika damu, ameongezewa chupa mbili: kipimo kinatoka 5.1 na nyote mnapongezana. Mkiwa Kanda ya Ziwa ongezeni selimundu. Huko pia mtakutana na bandama ya kichocho, ambapo ini lenyewe bado linafanya kazi vizuri na albumini (protini inayotengenezwa na ini) iko sawa. Huyo si sirosisi, msimchanganye na wengine, ila HbA1c yake msiiamini vilevile.

3. Sasa usiku. Saa nane na nusu sista anapiga simu: "Dokta, mgonjwa wa kitanda cha saba anaongea ovyo, amevua shuka." Dokta, macho yamefumba: "Ensefalopathi hiyo, mpe laktulosi mililita 30." Yaani ubongo umechanganywa na sumu ambazo ini halikuziondoa, apewe dawa ya kuharisha azitoe. Anakata simu.

Tazama kilichotokea. Sindano ya mchanganyiko ilichomwa saa moja jioni, na sehemu yake ya NPH (insulini ya muda wa kati) hufika kilele kati ya masaa manne na kumi baadaye. Chakula cha wodi alikula vijiko vitatu kwa sababu maji yamembana tumbo. Dozi ilipigwa kwa uzito wa mizani, kilo 70, wakati lita 10 ni maji yasiyohitaji insulini yoyote. Juu ya hayo anameza propranololi (dawa inayotuliza moyo) kwa ajili ya mishipa ya umio iliyovimba, kwa hiyo hatatetemeka wala moyo hautakwenda mbio. Kilichobaki ni jasho na kuchanganyikiwa, na jasho hakuna aliyelitazama. Mgonjwa huyu hafi kwa ensefalopathi. Anakufa kwa sukari ya 1.6 huku anaharishwa na laktulosi.

Glukomita kwanza, laktulosi baadaye. Daima! Ikiwa chini ya 3.9 na hawezi kumeza, mpe dekstrosi ya asilimia 50 mililita 50 kwenye mshipa mzuri, taratibu, au ya asilimia 10 mililita 250. Pima tena baada ya dakika 15, kisha dripu ya asilimia 10. Ile ya asilimia 5 iache: lita nzima ina gramu 50 tu, mengine ni maji, na sodiamu ya mgonjwa tayari iko chini, 126. Mnywaji wa pombe apate na thiamini (vitamini B1). Sindano ya glukagoni usiitegemee, ini halina cha kutoa. Akizinduka usirudi kulala: toa maji ya tumboni kidogo upeleke maabara. Nutrofili (chembe nyeupe za kinga) 250 kwa milimita ya ujazo au zaidi ni maambukizi, na maambukizi hushusha sukari yenyewe.

4. Insulini: anza na uniti 0.2 kwa kilo kwa siku, uzito bila maji, sehemu kubwa iwe ya muda mfupi kabla ya milo.

5. Vidonge vya kisukari: glibenklamaidi, inayolazimisha kongosho kutoa insulini, hapana. Metfomini inaruhusiwa ini likiwa bado limetulia na figo nzima; manjano na maji yakija, iondoe. Kreatinini (kipimo cha figo) ya mtu asiye na misuli huonekana nzuri bure.

6. Saa tatu au nne usiku ale: bakuli la uji wenye maziwa na vipande viwili vya mkate, kama gramu 50 za wanga. Protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Anayewaambia ndugu wapunguze maharage na mayai aache mara moja.

7. Matiti ya mgonjwa mwanaume yakiuma, angalia spironolaktoni (dawa ya kupunguza maji ya tumbo) kabla ya kuagiza vipimo vya homoni. Testosteroni ya jumla inaweza kuonekana sawa wakati iliyo huru imeshuka. T3 (homoni ya tezi ya shingo) ya chini na TSH (homoni inayoiamuru tezi hiyo) ya kawaida si ugonjwa wa tezi, usimwandikie thairoksini (dawa ya homoni hiyo).

8. Wa homa ya ini C akipona kwa vidonge, usugu wa insulini hupungua na sukari inaweza kushuka. Kliniki, fungua kadi uone dozi ya insulini. Mara nyingi utakuta bado ni ile ya mwaka jana.