Mchawi wa levo ya 3, uchawi wa levo ya 3: mbona haviendani?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na wenzangu tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, mchezo wa mezani wa dadu ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimamizi huendesha hadithi na maadui. Mchawi wangu alipofika levo ya 3 niliambiwa siwezi kutumia Mpira wa Moto, ingawa nao ni uchawi wa levo ya 3. Nilinyamaza, ila sikuelewa. Sasa wote tuko levo ya 6 na kuna rafiki yetu anataka kujiunga. Msimamizi wa mchezo anashikilia kwamba aanzie levo ya 1 kama tulivyoanza sisi. Hivi hizi levo zinapima nini hasa? Na huyu mgeni aanzie wapi?

JIBU: Nianze na mchawi wako, maana hapo jibu ni fupi. Levo za wahusika ni 20, za uchawi ni 9 tu, na hazipandi kwa mwendo mmoja. Mchawi hufungua levo mpya ya uchawi kila anapopanda levo zake mbili: akiwa levo ya 3 anapata uchawi wa levo ya 2, akiwa levo ya 5 anapata wa levo ya 3, hivyo hivyo hadi levo ya 17 anapopata ule wa levo ya 9. Msimamizi wenu alikuwa sahihi.

Kuhusu zinapima nini, wengi huzichukulia kama cheo cha kujivunia. Mimi nasema levo ni kipimo cha hatari: inaiambia meza nzima mhusika huyu anaweza kuingizwa kwenye balaa la ukubwa gani akatoka hai. Ndiko zilikotoka. Kabla Gary Gygax na Dave Arneson hawajatoa mchezo huu mwaka 1974, kulikuwa na kanuni za vita vya vinyago za mwaka 1971, ambazo Gygax alishiriki kuziandika. Humo alikuwemo mpiganaji aitwaye Shujaa, aliyehesabiwa sawa na askari wanne. Mchezo mpya ulipotoka, jina hilo akapewa mpiganaji wa levo ya 4.

Siku hizi hesabu hiyo haipo tena, na levo hazina uzito sawa. Kutoka 5 kwenda 6 hutaona tofauti kubwa. Kutoka 4 kwenda 5 mchezo unageuka kabisa: mpiganaji anaanza kushambulia mara mbili kwenye zamu yake, mchawi anaupata ule Mpira wa Moto, na nyongeza ya ustadi, yaani namba unayoongeza kwenye dadu kwa mambo ambayo mhusika wako anayamudu, inapanda kutoka 2 hadi 3 kwa kila mtu mezani.

Sasa mgeni wenu. Hapa sikubaliani na msimamizi, ingawa hoja yake ina nguvu kuliko inavyoonekana. Mhusika hupanda levo kwa kukusanya alama za uzoefu: kufika levo ya 6 kunahitaji 14,000, na levo ya 7 ni 23,000. Kila mmoja wenu akizikusanya hizo 9,000 zilizobaki, pamoja na mgeni aliyeanza na sifuri, ninyi mtafika levo ya 7 na yeye atakuwa tayari levo ya 5. Pengo linazibika haraka mno.

Shida ni kwamba lazima awe hai siku hiyo. Tuseme ni mpiganaji wa levo ya 1 mwenye alama 12 za uhai, na adui wa kiwango chenu anarusha Mpira wa Moto. Hizo ni dadu nane za pande sita, wastani wake 28. Akifanikiwa kukwepa, anapata nusu, 14, na bado anaanguka. Akishindwa, 28 ukitoa 12 inabaki 16. Kanuni inasema madhara yaliyobaki yakifikia uhai wako kamili, unakufa papo hapo, hakuna cha kuokolewa na wenzako. Mpiganaji huyohuyo akiwa levo ya 6 ana alama 52: ataungua, kisha zamu yake ikifika atapigana. Mtu aliyekuja kucheza kwa mara ya kwanza asifutwe kwenye meza kwa mrusho mmoja wa dadu, tena kwa pambano lililopimwa kwa ajili ya watu wengine!

Kwa hiyo aanzie levo ya 6, au 5 kama msimamizi anataka wakongwe mtambulike. Chini ya 5 hapana.

Ila msimpe mchawi ovyo. Mchawi wa levo ya 6 anakuja na uchawi usiopungua aina 16 kwenye kitabu chake cha uchawi, na mgeni ataduwaa kila zamu yake ikifika. Mpiganaji anamfaa zaidi. Aking'ang'ania uchawi, kaa naye wewe kabla ya siku ya mchezo, mpitie kitabu chote pamoja, mchague vichache atakavyotumia pambano la kwanza na kuviandika juu kabisa ya karatasi ya mhusika wake.